Mhariri wa Kuazima

Mwenyekiti wetu hakuniita mjinga. Watu wa Lionja wanasema aliniita hivyo mbele ya kikundi kizima, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kuamini, lakini nimefungua daftari langu la siku ile na neno hilo halimo. Alisema, "Katibu, wewe hujui kuchuja." Baadaye akaongeza kwamba kichwa changu ni kama kinu, kila kinachotiwa kinatwangwa. Ni hayo mawili tu. Chuki niliyonayo kwake inatosha, haihitaji kuongezewa chumvi.

Mimi niliishia darasa la saba. Ukatibu nilipewa kwa sababu ya mwandiko, si kwa sababu ya akili, na hilo nalijua. Kikundi ni cha wakulima wa pande mbili, Lionja huku Nachingwea na Narung'ombe kule Ruangwa, na tulichokuwa tunakitafuta ni leseni ya redio ya jamii. Wengine waliitaka redio kwa ajili ya bei za mnada wa ufuta na korosho, wasikie wenyewe badala ya kuambiwa na mtu aliyeambiwa na mtu. Mimi niliitaka kwa jambo moja. Kaka yangu alifia Narung'ombe wakati wa masika. Simu hazikushika, barabara ilikatika, na saa anazikwa mimi nilikuwa shambani napalilia mihogo, tena naimba. Habari ilinifikia siku ya tatu. Kulia nililia, lakini kinachonirudia mpaka leo ni ule wimbo. Basi redio kwangu ilikuwa hiyo tu: mtu akifa, atangazwe siku hiyohiyo, pande zote mbili zisikie.

Kuomba leseni si kazi ndogo. Watoa leseni walitaka katiba ya kikundi, hati ya usajili, ramani ya mahali mlingoti utakaposimama, ratiba ya vipindi, barua kutoka wilaya zote mbili, na jina la mhariri mwenye stashahada ya uandishi wa habari, pamoja na cheti chake. Kila karatasi tuliipeleka kwenye duka la steshenari pale Nachingwea mjini, ikaskaniwa, ikapakiwa kwenye mtandao. Tulikwama kwenye mhariri. Nani mwenye stashahada atakuja kukaa na sisi?

Mwenyekiti, ambaye ni mwalimu mstaafu, akaja siku moja na cheti kwenye bahasha. Kilikuwa cha mtoto wa dada yake. Binti huyo alikuwa Dodoma, anauza simu kwenye duka la watu.

Nikamuuliza, "Mwalimu, atarudi kweli?"

"Fomu inataka cheti, Katibu. Haijauliza mwenye cheti kalala wapi."

Nikaandika jina la binti kwenye fomu kwa mkono wangu. Naliandika hili hapa kwa sababu baadaye nitamlaumu mwenyekiti, na si haki kumlaumu mtu peke yake kwa chungu mlichokipika wawili.

Maombi yakishapokelewa, tangazo linatolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Sisi hatukuwa na wasiwasi. Nani atapinga redio? Akajitokeza mmoja, na ni mtani wangu.

Huyu mtani ana pikipiki aliyoifunga spika mbili nyuma. Ndiye anayepita vijijini kutangaza misiba, mikutano, chanjo, na gari la mitumba likifika. Ukoo wao na ukoo wetu ni watani tangu mababu. Kwetu mtani wa ukoo anakutukana hadharani, hata msibani, nawe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umeshindwa. Na yeye huyohuyo ndiye anayeshika jembe kuchimba kaburi lako. Kwenye mazishi ya kaka yangu, nimeambiwa, alivaa koti la marehemu akawa anaitikia salamu za waombolezaji kwa sauti yake, mpaka wajane wakacheka. Watu waliniuliza mbona hakuja Lionja kutangaza. Alijaribu. Pikipiki ilimwangusha mtoni, na kovu liko kwenye mguu wa kushoto, nimeliona.

Afisa wa leseni akaja kusikiliza pingamizi kwenye ofisi ya kata. Alikuwa dada wa makamo, mpole, mgeni wa huku. Akanigeukia akasema, "Mama, wewe ndiye katibu? Andika kila kinachosemwa, halafu mtasaini wote." Maneno yake ni hayo. Kila kinachosemwa.

Mtani akasimama, kofia mkononi kama mtu wa adabu.

"Mheshimiwa, huyu mama mwenye kalamu ni mwizi. Kwenye msiba wa bibi yetu aliondoka na sufuria ya wali kichwani, masizi yakamchuruzika, ndiyo maana mpaka leo ni mweusi namna hiyo."

Watu wakaangua kicheko. Nikaandika.

"Na huyu mwalimu, wa ukoo uleule, ni mchawi. Anakula maiti. Mkimpa redio atatangaza misiba ambayo haijatokea, ili awahi kitoweo!"

Mwenyekiti alicheka mpaka akavua miwani. Afisa naye alitabasamu, huku akiwatazama wengine kama anayetaka kujua wanacheka nini.

"Na mhariri wao yuko wapi? Cheti kipo hapa, mwenyewe yuko Dodoma anauza simu. Wamemwazima kama suti ya harusi! Harusi ikiisha suti inarudi kwa mwenyewe, bwana harusi anabaki na chupi."

Hapo watu walicheka kuliko mwanzo. Mwenyekiti hakucheka. Mimi niliandika, mpaka neno chupi nililiandika.

Tulisaini wote bila kusoma, maana pilau tuliyomwandalia afisa ilikuwa inapoa. Mwenyekiti alisaini wa kwanza. Mtani alisaini wa mwisho, kwa mbwembwe, akapiga mstari chini ya jina. Kesho yake muhtasari nikaupeleka steshenari, ukapakiwa, ukaenda.

Wiki kadhaa zikapita, barua ikaja. Ilitutaka tutoe maelezo ya maandishi kuhusu tuhuma tatu zilizomo kwenye muhtasari wetu wenyewe: kwamba katibu ni mwizi, kwamba mwenyekiti anahusika na miili ya marehemu, na kwamba mhariri aliyetajwa hayupo. Hapo ndipo mwenyekiti aliposema habari ya kuchuja.

"Utani unaandikwa kwenye muhtasari? Umeona wapi?"

"Afisa alisema niandike kila kitu, Mwalimu."

"Na mtu akikohoa ungeandika?"

Nilikuwa nimeandika hata hilo. Ukurasa wa pili: mjumbe mmoja alikohoa sana, akaombwa atoke nje. Mtu mmoja akaipata hiyo sehemu kwenye nakala, akaisoma kwa sauti. Wakacheka vibaya. Kicheko hicho hakikuwa cha utani.

Mwenyekiti akasema njia ni nyepesi. Niandike sentensi moja: yote yaliyosemwa na mtoa pingamizi ni utani wa jadi. Kisha mtani asaini chini.

"Yote, Mwalimu?"

"Yote. Kalamu unayo, au nikuazime na hiyo?"

Nilimfuata mtani kwake, kijiji cha Mtua. Nilimkuta uani amefungua spika, anapuliza vumbi. Hakunipa kigoda.

"Mwizi wa sufuria kaja," akasema. "Mke wangu, ficha vyombo!"

Nikamwambia sikuja kwa utani. Nikamsomea barua. Akasikiliza, spika ikiwa mapajani.

"Mtani hatoi ushahidi," akasema. "Mtani anatukana, basi."

"Umetuua kwa ajili ya hizo spika zako."

"Na redio ikija mimi nile nini? Betri?"

"Watu wanakufa hawatangazwi! Kaka yangu..."

"Kaka yako nilimshusha kaburini kwa mikono hii." Aliweka spika chini. "Wewe ulikuwa kwenye mihogo. Na hapa sitanii."

Mkewe alitoka jikoni, akatuangalia, akarudi ndani. Mimi nikaikunja barua yangu. Halafu akasema, sasa kwa sauti ya chini, "Andika kwamba yote ni utani. Nitasaini. Mtani wako hawezi kukukatalia. Ila la mhariri nilitania au nilisema kweli? Utajua wewe na kalamu yako."

Njia nzima kurudi, nyuma ya bodaboda, nilimchukia kwa sababu alikuwa amekubali. Kama angekataa, mambo yangekwisha. Mwenyekiti angetafuta njia yake, nami ningemfuata kama nilivyomfuata siku ya cheti. Sasa sentensi ilikuwa yangu.

Niliiandika mara nyingi. "Yote ni utani." Inasomeka vizuri, na mwandiko wangu ni mzuri. Mwishowe nilichopeleka ni hiki: kwamba la wizi ni utani, la maiti ni utani, na la mhariri ni kweli, yuko Dodoma, tunaomba muda tutafute mwingine. Sijui kama ni uaminifu. Labda niliogopa. Labda nilitaka kumwadhibu mwenyekiti kwa ile habari ya kinu. Nimejiuliza sana na jibu linabadilika kila siku. Ninachokijua ni kwamba nilipakia kwanza, ndipo nikamwonyesha mwenyekiti. Kosa hilo ni langu peke yangu.

Maombi yakakataliwa. Barua ilikuwa ya adabu. Ilisema tunaweza kuomba upya, tangu mwanzo, kwa nyaraka za kweli.

Mwenyekiti aliisoma mbele ya wote, akaikunja, akanigeukia. "Haya, Katibu. Uaminifu wako tuufunge juu ya mti, urushe matangazo?"

Nikamwambia aliyelileta jina la binti ni yeye. Akasema aliyeliandika ni mimi. Tulikuwa tunasema kweli wote wawili, na hakuna aliyenisaidia. Mama mmoja wa Narung'ombe, ambaye siku zote tulikuwa tunakaa naye mkeka mmoja, akafunga khanga yake akasimama. "Mama yangu mgonjwa," akasema. "Akifa masika haya nitakuletea wewe maiti, uitangaze kwa mdomo wako."

Ya mwenyekiti niliyavumilia. Hilo la mama wa Narung'ombe sikuweza. Nilitoka nje nikashika njia ya nyumbani.

Siku chache baadaye, asubuhi, niko uani naosha mihogo, nikasikia pikipiki. Mwenyekiti alikuwa amemkodi mtani. Mpinzani wetu, sasa ndiye mtangazaji wetu.

"Tangazo! Tangazo! Wanakikundi wote, mkutano Jumamosi, ofisi ya kata! Ajenda moja tu, kuchagua katibu mpya!" Akapunguza mwendo mbele ya kwangu, akasimama kabisa, akazigeuza spika zielekee mlangoni. "Aliyekuwepo ni mwizi wa sufuria! Akikohoa mtu, anaandika! Kaazimwa suti ya harusi, kairudisha kabla ya harusi! Bwana harusi wetu yuko uchi, Lionja mpaka Narung'ombe! Enyi majirani, mfunikeni!"

Majirani walikuwa wameshatoka. Mtani akikutania hivyo, ruhusa ya kumwagia maji unayo, ndiyo desturi, na hata majivu unaweza kumpaka. Nikainua beseni nikamwaga. Yalimpata yote, maji meupe ya mihogo, kuanzia kofiani. Akapiga kelele za furaha kwenye kipaza sauti, "Mtani kaniogesha! Nimetakata!" Watu wakacheka, nami nikacheka, kwa sababu ukikasirika umeshindwa.

Lakini daftari hili halina watu wa kuwachekea. Maji hayakutoka peke yake. Beseni nililiachia pamoja na maji, na nililenga kichwa. Yeye aliinama kuyakwepa maji, beseni likapita juu yake, likaigonga spika ya kulia. Alidhani limeniponyoka. Aliniokotea, akanirudishia mkononi.

Tangu siku hiyo spika ile inakoroma. Amejaribu kuifungua mara mbili, haijapona, sasa anatangaza kwa moja. Juzi jioni alipita kwa mbali kutangaza msiba, upepo ukiipeperusha sauti. Nilisimama njiani, nikakaza masikio, nikapata kwamba ni mwanamke mzee, kwamba ni Narung'ombe. Jina sikulipata.