Siu-bi na Pumzi ya Ardhi

Lua Siu-bi hajawahi kuolewa, na katika miaka yote aliyofanya kazi na mume wangu kwenye kituo cha kupima mitetemeko, alikula naye chakula cha mchana mara nyingi kuliko mimi. Ana mikono mikubwa, sauti ndogo, na viatu vya raba mwaka mzima. Akipita penye nyumba ya mgonjwa huzima pikipiki akaisukuma. Wafugaji samaki wa mabwawani wanampenda. Mimi nilimheshimu, na heshima hiyo ilinichoma.

Marehemu mume wangu, Bwana Khu, alijulikana kwa jambo moja: aligundua kwamba ardhi ya kijiji chetu, hapa pwani ya Tainan, inapumua. Kipimo chake kilionyesha wimbi la polepole, likipanda na kushuka. Shule ya msingi ilikuwa imechonga maneno hayo kwenye jiwe, pamoja na jina lake. Ilipobaki wiki moja jiwe lizinduliwe, Siu-bi akaja uani kwangu na kipimo begani.

"Shemeji, ile pumzi ya Hian si ya ardhi."

Hian! Mimi mkewe, mbele za watu, nilimwita Bwana Khu.

"Ni ya nani basi? Yako?"

Kebehi aliiacha ipite. Akanionyesha magurudumu yanayopiga maji ili samaki wapate hewa katika bwawa la samaki aina ya mwatiko la Mjomba Tsuan, nyuma ya ukuta wetu.

"Hayo yanatikisa ardhi haraka haraka. Zamani mashine haikuwa na nafasi ya kuhifadhi namba zote, kwa hiyo Hian alitunza namba moja katika kila kumi, nyingine akazitupa. Hebu litazame gurudumu, uwe unafumba na kufumbua macho kwa mwendo wake; kila unapofumba ni namba iliyotupwa."

Nilijaribu. Gurudumu lililokuwa likienda mbio lilionekana linajikokota.

Akakilaza kipimo chini, akarekodi, akatupa namba tisa katika kila kumi. Kwenye kioo cha kipimo likatokea wimbi lile lile la marehemu.

"Sasa nachuja kwanza mitikiso ya haraka, ndipo napunguza."

Mstari ukalala. Hata mikwaruzo midogo midogo iliyoutia manyoya ikapungua.

"Chujio lako limeiua pumzi," nikasema. Nimefundisha hisabati maisha yangu yote.

"Chujio hukamata kinachokimbia, shemeji. Pumzi inaenda taratibu. Ingepita."

Lilikuwa jibu sahihi, na nilitamani lingekuwa langu. Nikapaza sauti ukutani.

"Mjomba Tsuan! Zima magurudumu!"

"Nizime? Samaki wangu wapumue kwa pua yako, Mwalimu?"

"Kidogo tu, mzee wewe!"

Maji yakatulia. Siu-bi akarekodi tena na kupunguza bila kuchuja. Safari hii wimbi halikutokea.

"Umeshamwambia mkuu wa shule?"

"Bado. Nimekuja kwako kwanza."

"Basi funga mdomo. Kosa la nyumba ya Khu litasemwa na nyumba ya Khu."

Sikumwambia kilichobaki: sikutaka yeye awe ndiye wa kuwapa watu jambo jipya juu ya mume wangu.

Siku ya uzinduzi, jiwe likiwa bado limefunikwa kitambaa chekundu, nilisimama nikaeleza kila kitu. Watoto walifumba na kufumbua macho mpaka wakacheka. Mkuu wa shule akaniuliza kwa sauti ya chini jiwe liandikwe nini sasa.

"Liandikwe kosa na dawa yake: chuja kwanza, ndipo upunguze. Chini yake, Khu Bun-hian."

"Na nani aligundua kosa, Mwalimu?" akauliza mama mmoja.

Niliinama kunyoosha kitambaa chekundu. Siu-bi akanitangulia, kutoka safu ya nyuma.

"Mwalimu ndiye aliyezimisha magurudumu. Bila yeye tungekuwa tunabishana mpaka leo."

Wakanipigia makofi. Yeye alisema hayo akitazama pembeni, kidole kikisugua sikio. Hivyo hivyo ndivyo Bwana Khu alivyokuwa akinisifu, akitazama pembeni, akisugua sikio. Siu-bi alijifunza wapi, kama si mezani naye, mchana?