Mama mkwe kanikuta mazoezini

Jamani, leo nusura nizimie kwa sababu ya shikamoo.

Nyumbani niliaga naenda kwaya. Kumbe niko ukumbini, mazoezi ya jiujitsu, ule mchezo wa kukabana mkekani.

Mwenzangu wa mazoezi, Neema, yuko chali, kanibana kiuno kwa miguu. Kazi yangu ni kuifungua, niivuke, nimkandamize ubavuni. Na kichwa kibaki juu! Ukikiinamisha tu, anakukaba.

Nikaifungua. Goti langu likapita. Neema anahema.

Mara mlango ukafunguliwa.

Mama mkwe! Katoka kijijini kwake Kasokola, kikapu mkononi.

Nyie, kwetu mkwe hasalimiwi kichwa kikiwa juu. Nikainama. (Na wewe ungeinama, usijifanye.)

"Shikamoo mama."

Hapo hapo miguu ya Neema ikanibana shingo kama koleo.

"Marahaba," mama akaitikia, mimi naona giza. Nikapigapiga mkeka kukubali nimeshindwa, Neema akaniachia.

Nasubiri kuulizwa habari za kwaya.

Mama akatutazama, mmoja mmoja.

"Nimechungulia dirishani muda mrefu," akasema. "Ulikuwa umeshampita huyu. Haya, rudieni. Mimi bado sijafika."

Akatoka na kikapu chake, akafunga mlango.