Kilengeo Kipya cha Esteria Ndaki

Esteria Ndaki alikuwa na miaka arobaini na tisa, na kilichomkera kuliko vyote duniani ni kinundu cha chuma kisichozidi punje ya mpunga. Kinundu hicho kilikaa mbele kabisa, juu ya bastola yake ya kazini. Ukitaka kupiga shabaha unakiingiza kwenye mkato wa kilengeo cha nyuma, unakikazia macho hicho cha mbele mpaka kionekane wazi, ndipo unavuta. Kwa miaka kumi na sita alifanya hivyo bila hata kufikiri. Kisha mwaka huu kinundu kikaanza kuota manyoya, kingo zake zikafifia machoni pake.

Alikuwa mlinzi wa kiwanda cha kuchambua pamba mjini Maswa, mwanamke pekee kati ya walinzi saba wanaobeba silaha, na tusidanganyane, alijivunia jambo hilo waziwazi. Asubuhi akitoka kwake, mtaa wa Binza, na sare iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, mumewe Salvatory, seremala mpole, alimwita "afande", naye aliitika kwa sauti ili majirani wasikie. Alizaliwa upande wa Itilima, si mbali na Lagangabilili, kwenye boma la wasichana watano na wavulana sifuri. Kwa hiyo yeye, wa tatu, ndiye aliyechunga ng'ombe wa baba yake, iwe mvua iwe jua, mpaka alipokwenda mafunzo ya mgambo. Watu walisema msichana hawezi kuchunga. Baadaye wakasema mwanamke hawezi kushika bastola. Wote hao alikuwa amekwisha kuwanyamazisha.

Sasa jicho lake mwenyewe ndilo lililotaka kumwaibisha. Kwenye mtihani wa shabaha wa kila mwaka, katika risasi kumi alipata nne, na zinazotakiwa ni saba. Mihayo, mkuu wa walinzi, mtu mzima mwenye tumbo na maneno machache, aliishika orodha ya majina mbali na uso, mkono ukinyooka mpaka mwisho, ndipo akaisoma.

"Dada Esteria, utarudia baada ya wiki sita," alisema. "Ukishindwa tena, unarudisha bastola. Utakaa pale mapokezi uandike majina ya wageni."

Kuandika majina ya wageni ni kazi halali. Lakini Esteria alitembea hadi Binza akilia, na alipofika alimwambia Salvatory kwamba ni vumbi.

Daktari alimpima akasema macho hayana ugonjwa, yana umri tu, akampa miwani ya kusomea. Akiivaa, kinundu kilikuwa safi kabisa, ila lango la kiwanda liligeuka ukungu. Mlinzi asiyeliona lango analinda nini? Miwani ikarudi kwenye mkoba.

Aliyemwokoa ni polisi aliyekuja kukagua silaha za kampuni. Alimsikiliza, akamwambia vilengeo hubadilishwa kama tairi, na kwamba Bariadi yupo Januarius, fundi mwenye leseni ya kutengeneza silaha. Kampuni ikaandika barua, kibali kikatoka, na Jumanne moja Mihayo akampeleka kwa gari, bastola ikiwa tupu ndani ya sanduku lenye kufuli.

Karakana ya fundi ilikuwa pembeni mwa mji, nyuma ya ukuta mfupi, ng'ambo yake njia ya ng'ombe.

"Mwadila, mayu," alisalimu Januarius kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwadila, fundi."

Januarius alikuwa fundi mzuri, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kukuambia hivyo. Alitandika kitambaa mezani akapanga bidhaa zake. Cha nyuma hakikuwa na ubishi: alishauri cheusi kitupu, kisicho na alama, chenye mkato mpana, ili jicho lililochoka lisigombanishwe na vitu viwili. Hapo alisema kweli. Ubishi ulikuwa kwenye kile cha mbele. Kimoja kilikuwa na nukta nyeupe. Viwili vilikuwa na uzi mwembamba wa plastiki unaokusanya mwanga na kung'aa kwenye ncha, mmoja mwekundu, mwingine wa rangi kati ya manjano na kijani, kama mpunga unaoanza kuchipua.

"Chukua nyekundu," fundi alisema. "Wanaume wote wanachukua nyekundu."

"Mimi si wanaume wote."

"Mayu, nyekundu ni rangi ya hatari. Inaonekana."

Mle ndani, chini ya taa, kweli ilionekana, na Mihayo akaitikia kwa kichwa. Lakini Esteria alikuwa ametazama nje. Jua lilikuwa linashuka, na kengele za ng'ombe wanaorudi zilianza kusikika njiani.

"Fundi, una rula?"

Esteria alibandika vile vitatu kwa gundi laini kwenye rula ya mbao, kila kimoja mahali pake. Bastola ilibaki sandukuni, maana huyu hakuwa mtu wa kuelekezea silaha ng'ombe wa watu. Akaenda ukutani, akanyoosha mkono, akaiweka rula usawa wa jicho lake. Ng'ombe walipita kwenye vumbi, wekundu, weupe, weusi, wa madoadoa. Nukta nyeupe ilimezwa na vumbi kabla hata ng'ombe mweupe hajafika. Ile nyekundu ilidumu kidogo, kisha akapita ng'ombe mwekundu mbele ya udongo mwekundu, ikazama. Uzi wa kijani cha manjano ulibaki pale pale kwa kila ng'ombe, na ulikuwa bado unaonekana alipopita ndama wa mwisho.

"Hii," alisema.

"Umejuaje utazame kwenye ng'ombe?" fundi aliuliza, safari hii bila majivuno.

Akawasimulia. Akiwa na miaka kumi na mmoja alipoteza ng'ombe jioni, jike jekundu. Ng'ombe huyo alikuwa mbele yake hatua mia hivi, naye hakumwona, udongo ulimficha. Alipatikana kesho yake, lakini baba yake hakumsemesha siku mbili, na siku hizo mbili zilimuuma kuliko fimbo. Siku ya tatu Esteria alichana pindo la khanga ya mama yake, akajaribu vipande vya rangi zote, akamfunga yule ng'ombe kwenye pembe kipande cha rangi hii hii. Hakumpoteza tena.

Januarius hakubishana. Alikifunga chuma cha juu cha bastola kwenye jiriwa, katikati ya vipande vya ngozi kisikwaruzike. Cha nyuma alikisukuma kwenye mfereji wake kwa pini ya shaba na nyundo ndogo, akigonga, akipima, akigonga. Cha mbele alikikaza kwa skrubu na tone la gundi.

"Hapo nimeweka katikati kwa kipimo," alionya. "Risasi ndiyo itasema kama ni katikati kweli. Siku ya mtihani nitakuja."

Akaja kweli, na pikipiki yake na mfuko wa zana. Uwanja wa shabaha ulikuwa nje ya mji, mbele ya tuta la udongo, na jua la saa kumi na moja lilikuwa limeinama. Kila mlinzi anapewa risasi tano za kujaribu kabla ya kumi zinazohesabiwa. Esteria alisimama, akanyoosha mikono, na ile ncha ya kijani ikakaa wazi machoni pake kama zamani. Akapiga tano. Zote zilitua kushoto, nje ya duara.

Aliishusha bastola, mdomo wake ukielekea chini.

"Unavuta kwa woga, dada," alisema Mihayo. "Au lenga kulia kidogo, tumalize."

Esteria aliitazama karatasi. Angeweza kulenga kulia kidogo. Lakini matundu yote matano yangefunikwa na kiganja kimoja.

"Hapana, afande. Mkono wa woga unatawanya. Hizi zimelala kitanda kimoja. Mkono wangu hauna kosa, chuma ndicho kimekaa vibaya. Fundi!"

Alitoa magazini, akaonyesha kwamba chumba cha risasi ni kitupu, akampa. Risasi zilikwenda kushoto, kwa hiyo Januarius alikigonga kilengeo cha nyuma kuelekea kulia, mara moja, kwa upole, unene wa unywele.

Kisha Esteria akapiga kumi zake bila haraka. Alipomaliza, masikio yalikuwa yakimlia, na alijua amefaulu.

Mihayo aliibandua karatasi. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akakunja uso.

"Soma wewe," alisema.

Esteria alivaa miwani yake ya kusomea, akahesabu. "Tisa," alisema. Machozi yalimtoka, na safari hii hakusingizia vumbi. "Tisa, afande!"

Januarius alikuwa akipiga makofi na kukusanya zana zake. Mihayo alingoja fundi ageuke, akaitoa bastola yake mwenyewe, akaifungua, akahakikisha ni tupu.

"Dada Esteria," alisema chini chini, "hiki kinundu changu nacho kina manyoya."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu huu."

"Na mitihani yako alikusimamia nani?"

Mihayo alitazama kule kwenye tuta. "Nilijisimamia."

Hasira ilimpanda Esteria. Wiki sita za kukosa usingizi, kwa sababu ya mtu asiyeona! Kisha akamwona alivyosimama pale na tumbo lake, akiishika silaha kwa vidole viwili kama mtoto aliyevunja kikombe, na kicheko kikamtoka chenyewe. Akanyoosha mkono akachukua ile orodha ya wanaorudia, iliyokuwa na jina moja tu, lake. Akalikata. Chini yake akaandika mstari mwingine, akamrudishia.

Mihayo aliinyoosha karatasi mbali kadiri mkono ulivyofika. "Umeandika nini hapa?"

"Mihayo. Kurudia baada ya wiki sita," alimsomea Esteria. "Jumanne tunakwenda Bariadi, afande. Nitakushikia rula."