Kamera Niliyoisingizia

Mwaka ule ndio tuliokula kabichi. Huku kwetu milimani ukisema mwaka wa kabichi, hakuna anayekuuliza ni upi. Mvua ilishusha kipande cha mlima juu ya barabara ya kwenda Mombo, malori yakakwama, na kabichi zilizokuwa ziende Dar es Salaam zikabaki zinatutazama. Tukazila na ugali, tukazila na viazi, tukazitia kwenye makande, mwishowe tukawa tunazila bila kitu. Ng'ombe nao walipewa, wakageuza shingo. Mpaka leo nina mjukuu ambaye akisikia harufu yake ikichemka anatoka nje.

Nauhesabu mwaka ule kwa kabichi kwa sababu sipendi kuuhesabu kwa kitu kingine. Lakini nimeshaanza, nitasema.

Mimi ni mpiga picha. Shule niliishia darasa la nne, na maandishi ya kwenye kamera siyajui. Nilijifunza kwa alama. Kitufe cha ua ni cha kupiga karibu, cha mshale ni cha kutazama zilizopita, cha kopo la taka ukikigusa umelia. Kamera yenyewe aliniletea binti yangu wa mwisho, muuguzi kule Tanga, mwaka alioanza kazi. Ina rangi ya fedha, unene wa kipande cha sabuni ya kufulia. Inakula betri mbili ndogo kama za saa ya ukutani. Kioo cha nyuma kimepasuka pembeni, kina doa jeusi kama wino uliomwagika. Mlango wa betri haushiki tena, nimeufunga kwa mpira wa baiskeli. Baridi yetu inaua betri, kwa hiyo natembea nazo kwenye sidiria, na nikifika kwenye kazi zina joto kama mayai yaliyotoka kwa kuku sasa hivi. Halafu ni mvivu. Ukibonyeza, inafikiri kwanza. Ndiyo maana kila ninayempiga namwambia, "Usipumue mpaka nikwambie." Hapo mtu anaacha kujitengeneza, uso unarudi mahali pake.

Na huo uso ndio kazi yangu, maana nilijulikana kwa picha za mbele. Kwetu marehemu anapotolewa nyumbani, mjukuu hutangulia mbele ya jeneza ameshika picha yake kwenye fremu. Mzee mwenye akili haachi jambo hilo kwa watoto. Akiona magoti yameanza kumpa habari, anaoga, anavaa nguo ya kanisani, ananifuata. Napeleka kadi ya kamera studio pale Lushoto mjini, wananitolea picha, na yeye anaiweka sandukuni pamoja na nguo zake za kuzikiwa. Hatuoni kwamba ni mkosi. Mkosi ni kutangulizwa na sura isiyo yako.

Krismasi kabla ya kabichi, binti yangu alipanda huku na maneno yake ya mjini.

"Mama, hiyo kamera niliinunua mimi. Niruhusu niizike mimi."

"Imekufa?"

"Inakohoa."

"Wewe ulikohoa miaka mitatu utotoni, sikukuzika."

Akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema Pasaka ataniletea mpya, kubwa, ya kuchajiwa, kioo chake kinageuka huku na huku. Sebule ilikuwa imejaa wakwe. Nikanyoosha shingo ili wote wanisikie, nikamwambia, "Sitaki. Hii bado inaona."

Wakwe wakatingisha vichwa kwa heshima. Nikajiona mkubwa. Majivuno ni mepesi ukiwa sebuleni kwako.

Haikupita miezi miwili nikaalikwa kwenye sherehe ya kipaimara. Nilipofika nikamkuta kijana wa mjini amevaa kamera shingoni, mdomo wa kamera mrefu kama mchi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Bibi, hiyo ni kamera au redio?"

Wanawake wa kwaya wakacheka. Wale wale ambao nimewapigia waume zao, mama zao, watoto wao wa ubatizo. Yule kijana akaona amepata soko, akaendelea, "Ukimaliza utuazime, bibi, tukaiweke makumbusho." Wakacheka tena. Hilo ningelimeza. Lakini mama wa mtoto wa kipaimara akanishika mkono kwa upole kabisa, akanikalisha kwenye kiti, akaniwekea sahani ya pilau mapajani. "Wewe kula tu, bibi. Kijana atapiga."

Nikala. Kamera nikaificha chini ya kanga kama mtu aliyeiba kuku.

Nilipofika nyumbani nikampigia binti yangu simu. Nilisema neno moja, "Lete." Kisha kamera yangu nikaizika ndani ya debe la maharage, na kila aliyeniuliza habari ya picha nikamwambia asubiri, mpya inakuja Pasaka. Betri tu ndizo nilizosahau kuzitoa kifuani. Nilikuwa nimeshazizoea.

Sasa kuna mwenzangu mmoja. Tulipata kipaimara siku moja, akaolewa ng'ambo ya bonde, mimi upande huu, na tukilima tulikuwa tunaonana kama siafu wawili kwenye kuta mbili. Wiki chache kabla ya Pasaka, mvua haijawa mbaya, alishuka bonde akapanda kwangu. Kitenge chake cha kwaya alikibeba kwenye mfuko kisishike tope. Alinawa miguu mlangoni, akabadilisha nguo chumbani kwangu, akatoka akakaa kwenye kigoda penye ukuta wa mashariki, pale pale ninapowakalisha watu, bila kuambiwa.

"Onga mshi, mpiga picha," akanisalimu Kishambaa.

"Onga mshi. Umependeza hivyo unakwenda wapi?"

"Kwa Baba. Ila hajanitajia siku." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Nipige ya mbele."

"Ngoja Pasaka. Mpya iko njiani."

"Sikupanda mlima kufuata mpya. Nataka ile iliyompiga mume wangu."

"Ile imezeeka, mwenzangu."

"Na mimi je?"

Debe la maharage lilikuwa hatua nne kutoka nilipokuwa nimesimama. Betri zilikuwa kifuani, zina moto. Sikuogopa kwamba picha itakuwa mbaya, nilijua itakuwa nzuri, mwanga ulikuwa umemkaa usoni vizuri. Nilichoogopa ni siku picha ile itakapopita barabarani, mtu mmoja wa kwaya aseme bibi bado anapiga na redio yake. Nikamwambia, "Sipigi tena na takataka ile."

Aliinuka kwenye kigoda. Kisha akasema, "Haya. Wewe ndiye fundi." Akavua kitenge, akakikunja kwa mikunjo yake ile ile, akanywa chai, akashuka bonde. Nilimwona mpaka alipovuka kijito. Hakugeuka, na mimi sikumwita.

Mvua ikaja, mlima ukashuka, kabichi zikabaki, na kamera mpya ikakaa Tanga kwenye boksi lake kwa sababu hakuna basi lililopanda. Wiki ya tatu ya kabichi kikohozi cha mwenzangu kiliingia kifuani. Walimbeba kwenye machela mpaka hospitali. Pasaka haikumkuta.

Msibani nilikuwa jikoni na wanawake wenzangu, tunakata nini kama si kabichi. Binti yake mkubwa akaja akachuchumaa mbele yangu, macho mekundu.

"Mama mkubwa, mama aliniambia alikuja kwako kupigwa ya mbele. Tunaitafuta sandukuni hatuioni. Iko kwako?"

Wanawake wakainua vichwa kusikiliza. Ningeweza kusema kweli. Yalikuwa maneno machache tu, na aliyekuwa ananiuliza ni mtoto niliyembeba mgongoni. Nikasema, "Nilimpiga. Haikutoka. Kamera ni nzee, imeimeza."

Akanishika mkono. Akaniambia, "Pole, mama mkubwa." Yeye, aliyefiwa, akanipa pole mimi. Na wale wanawake wote wakanipa pole, mmoja baada ya mwingine, na mimi nikaitikia, "Asante," huku nikiendelea kukata.

Walichukua picha ya kwenye kitambulisho wakaenda kuikuza. Ilirudi na sura ya majivu, jicho moja limefumba nusu, mdomo umekunjwa kama wa mtu anayeulizwa habari za mbuzi aliyepotea. Mwenzangu hakuwa hivyo. Mjukuu wake akaishika kifuani, akatangulia mbele ya jeneza kwenye tope, na mimi nikafuata nyuma. Mzee mmoja aliyetoka mbali aliuliza kwa sauti ya chini, "Huyu ni nani kwani?" Nilitembea mpaka kaburini nimeinamisha kichwa. Watu walidhani ni huzuni.

Barabara ilipofunguliwa, binti yangu alipanda na boksi. Siku hiyo hiyo binti wa mwenzangu naye alikuja. Kaburi la mama yake lilikuwa limejengewa, msalaba umewekwa, akataka nikampigie picha wawapelekee ndugu walioshindwa kufika. Alikuwa amevaa kile kitenge cha kwaya. Kilikuwa bado na alama za mikunjo.

Binti yangu akaliweka boksi mezani, akalikata gundi. Kamera ilikuwa nyeusi, inang'aa, nzuri, siwezi kusema uongo mwingine.

"Umeona, mama? Na ile kweli nikaizike."

Binti wa mwenzangu akaitazama, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Afadhali umepata, mama mkubwa. Ile ya zamani ilimwangusha mama."

Nilisimama. Sijui nani alinisimamisha. Nilikwenda kwenye debe, nikachimba maharage mpaka nikashika mpira wa baiskeli. Nikapuliza vumbi. Nikatoa betri kifuani, nikazitia, nikafunga mpira.

"Mama, unafanya nini?" binti yangu akauliza.

Nikamwambia binti wa mwenzangu, "Kaa hapo." Akakaa kwenye kigoda, penye ukuta wa mashariki, na kitenge kile.

"Usipumue mpaka nikwambie."

Nikabonyeza. Ikafikiri. Ikapiga. Nikambonyezea mshale, nikampa ajitazame, doa la wino pembeni na yeye katikati, safi, pua ya mama yake, utulivu wa mama yake.

Aliisogeza karibu na macho. Hakuwa mjinga, mama yake hakuzaa mjinga.

"Mama mkubwa. Siku ile alipokuja ilikuwaje?"

"Siku ile kamera ilikuwa nzima kama unavyoiona," nikasema. "Sikumpiga. Nilimrudisha, kwa sababu nilichekwa kwenye sherehe ya kipaimara na nikaona haya. Halafu nikaisingizia kamera mbele ya watu."

Afadhali angenitukana. Aliweka kamera mezani taratibu, karibu na ile mpya, akafuta kitenge mahali ambapo hapakuwa na vumbi. Akasema, "Alipanda mlima huu na kikohozi." Basi.

Binti yangu ndiye hakuvumilia kimya kile. Anaponya watu kwa kazi, hawezi kuona kidonda akakiacha wazi. Akalisukuma boksi kwangu kwa mikono miwili, sauti ya chini, ananisihi kama mgonjwa asiyetaka kumeza dawa. "Basi mama, pokea tu hii mpya, yaishe. Watu wanajua ya zamani ilikufa. Waache wajue hivyo."

Nilimtazama mtoto wa mwenzangu pale kwenye kigoda. Safari hii shingo sikuinyoosha, wala wakwe hawakuwepo wa kunisikia.

"Sitaki. Hii bado inaona."