Naona Vizuri Sana

Mwizi aliruka ukuta wa jirani yetu, na mke wangu hakupata usingizi siku tatu. Basi Ijumaa asubuhi mimi, karani ambaye sijawahi kupiga hata kunguru, nikaibeba bunduki ya marehemu baba mpaka soko la Nizwa, huku kwetu Omani.

Muuzaji wa silaha alikuwa mzee mzaliwa wa Unguja. Nikampa shikamoo, akanieleza nichague moja kati ya mawili: nibaki na vile vijichuma viwili vya kulengea, au nifunge darubini juu ya bunduki.

"Vijichuma ni mambo ya kizamani," nikasema, kama mtu ajuaye. "Nipe darubini niijaribu."

Watu waliokuwa wakinywa kahawa kibarazani wakageuka kunitazama. Nikaishika darubini, nikafumba jicho moja, nikaielekeza kwenye duka la vyungu ng'ambo ya njia. Giza tupu. Nikaona haya kusema.

"Waona?" akauliza mzee.

"Wallahi, naona vizuri sana."

"Waona nini?"

"Mitungi. Hata nyufa zake naziona."

Mzee akanyoosha mkono taratibu, akakivua kifuniko cha ngozi kilichoziba kioo cha mbele, akanionesha. Kibaraza kizima kikaangua kicheko.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "wewe tia komeo zuri mlangoni. Bunduki mpe mkeo."

Komeo nilinunua siku ile ile. Ushauri wa pili sikumfikishia mke wangu, kwa sababu namjua, angeukubali.