Chumvi ya Samaki wa Mombasa

Vita vilipoisha nilikuwa mpishi katika kambi ya jeshi. Nyama ilikuwa ngumu kama buti, lakini hayo tuyaache. Afande mmoja alizoea kusema, "Huyu ulimi wake ni mzani." Sifa hiyo ndiyo iliyoniponza.

Mwezi uliopita bosi wangu Mkenya, mwenye hoteli mtaani Kisugu nilikokuwa nikipika, alileta ukumbini tangi kubwa la kioo na samaki wa rangi wa baharini kutoka Mombasa.

"Mzee, tia chumvi yao kwenye maji. Upime vizuri!"

Nikatia, nikaonja, nikaongeza, mpaka ikakolea kama supu ya kwato. Samaki wakaingizwa. Punde wakaelea matumbo juu.

"Mzee, kipimo cha chumvi bado kimo kwenye boksi la tangi! Ulipima na nini?"

"Na ulimi, bosi."

Wateja wakaacha kula. Nikavua aproni, nikaitundika, nikatoka. Sijarudi.