Kuhesabu kwa Kiairishi Jikoni Pinetown

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ilikuwa Jumamosi ya Machi, tukijiandaa kwa Siku ya Mtakatifu Patrick, sikukuu kubwa ya Waairishi. Mama mkwe wangu, Bibi Nora, alikuwa amekuja kutoka Ireland kututembelea hapa Pinetown, kando ya Durban, Afrika Kusini, kwa mara ya kwanza. Mume wangu Liam alikuwa fundi wa mitambo bandarini; mimi ni mtu wa Tanga. Watoto wetu, Zawadi na Petro, walikuwa hawajafika miaka saba.

Bibi Nora alikuwa jikoni na watoto, wanakanda mkate wa kwao, ule usiotiwa hamira. Alikosa maziwa aliyoyazoea, nikampa amasi, maziwa ya mgando ya huku. Akayaonja, akasema yanafaa kabisa. Kisha akaanza kuwafundisha kuhesabu kwa Kiairishi. "A haon, a dó, a trí." Watoto wakaitikia kwa kelele.

Mimi nikakasirika. Niseme kweli, ulikuwa wivu. Asubuhi ile Zawadi alinijibu kwa Kiingereza nilipomsemesha Kiswahili, wala haikuwa mara ya kwanza. Nikaona lugha yangu inasukumwa nje ya nyumba yangu.

"Mama, basi," nikamwambia. "Watoto watachanganyikiwa. Kiswahili chenyewe hawajakishika."

Aliacha kuhesabu. Akafuta unga mikononi, akamaliza mkate bila neno. Wakati wa kula Zawadi akamwomba ahesabu tena, naye akanitazama mimi kwanza, kama mtu anayeomba ruhusa. Hapo ndipo niliposhikwa na aibu.

"Mama yangu alikijua Kiairishi vizuri," akasema taratibu. "Shuleni walimchapa kwa sababu yake. Aliponizaa akaapa kwamba mimi sitakisikia. Alidhani ananiokoa. Alipozeeka, akili ikaanza kupotea, Kiingereza kikamtoka, akabaki na Kiairishi tu. Nilimuuguza miaka miwili nisielewe anachoniomba. Haya machache nimejifunza baada ya kumzika."

Liam akaweka uma chini. "Hujawahi kuniambia hayo."

"Hujawahi kuuliza, mwanangu."

Nilimwomba radhi palepale, mbele ya watoto. Kesho yake nikaketi nao nikajifunza, na Liam pia, mtu mzima anarekebishwa na mtoto wa miaka minne. Bibi Nora naye akataka Kiswahili. Basi Zawadi akawa mwalimu wake, na mwalimu hawezi kujibu kwa Kiingereza. Akaanza kunifuata kuniuliza hiki kinaitwaje, kile kinaitwaje. Nilichokuwa nakigombania kilirudi chenyewe.

Alikaa mwezi mmoja. Akarudi kwao, akafariki kabla ya Machi nyingine. Nimewahi kujiuliza ingekuwaje kama angeondoka na ukimya ule.

Wewe unayelea watoto wa damu mbili hapa Durban, usiwachagulie upande mmoja. Sikukuu ya upande wa mwenzako ikifika, pika chakula chake, waite watoto, keti nao. Waulize wazee habari za mama zao wangali wanaweza kujibu. Na ukishikwa na wivu, ukiri mapema, kabla haujamnyamazisha mtu ndani ya nyumba yako.

Mungu akujalie nyumba yenye maneno mengi, mwanangu, na watoto wako wasikose wa kuwaelewa siku watakapozeeka. Amina.